Siwa ya Ngao na Siwa ya Mzinga

Ukifika mtaa wa Tena, Nairobi, na uulize nyumba ya Kiilu fundi, utaonyeshwa mlango wenye vipini viwili. Mlango ni mmoja na kipini kimoja kingetosha, lakini Kiilu alipomaliza kuchonga kimoja cha umbo la kinyonga, mkono wake ulianza cha pili kabla hajafikiri. Majirani wamezoea. Ukimwomba mwiko wa ugali atakuletea miwili. Mama Adongo, anayetuuzia chakula kazini, husema kitu pekee ambacho Kiilu alichukua kimoja katika maisha yake ni mke, na hata huyo alimchukua kwa sababu alikuja na shemeji wa kuketi naye.

Shemeji huyo ni Mwangangi. Yeye na Kiilu walizaliwa vijiji jirani huko Ukambani, wakamaliza shule ya msingi, wakaja Nairobi vijana wakalala kwenye vumbi la mbao mpaka walipojua kazi. Kiilu ni mfupi, mpole, akicheka mabega hutingishika na sauti haitoki. Mwangangi ni mrefu na anaimba hata akiwa na msumari mdomoni. Karakana yao iko kwenye safu ya mabanda ya mabati, ukishatoka Industrial Area kidogo, nyuma ya kiwanda cha rangi. Mimi ni mpiga msasa wao. Huketi nyuma yao nikilainisha walichochonga na kukipaka kiwi, ile ya kung'arishia viatu, kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyaona kutoka pale, bila kuuliza mtu.

Ni lazima nieleze kwanza jinsi kazi yetu inavyofanywa, maana bila hivyo hutaelewa lililotokea. Sisi hatuchongi kitu kimoja. Gogo hupasuliwa katikati, nusu ikaenda kwa fundi mmoja na nusu kwa mwenzake. Wawili hao huketi wakitazamana, kila mmoja akiangalia mkono wa mwenzake. Mmoja huchonga dume na mwingine jike. Mmasai na mkewe, twiga na mwenzake. Hata miiko ya saladi huwa miwili, mmoja wa meno na mmoja wa kina. Jike hupunguzwa kidogo, upana wa kidole, na hupewa umbo lake mwenyewe ili mnunuzi aone kwamba hawa si mapacha bali ni watu wa nyumba moja. Na jozi haivunjwi. Ukimuuza mmoja, anayebaki hukaa rafuni mpaka apate ufa.

Karibu vitu vyote alivyochonga Kiilu vilipanda ndege. Viko kwenye meza za watu asiowajua, katika miji asiyoweza kutamka majina yake. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni mama yake. Bi Mwelu alibaki nyumbani Ukambani, na kila Krismasi alimwuliza mwanawe swali moja, kwamba huko Nairobi anatengeneza nini. Mwaka mmoja Kiilu alimpelekea twiga wawili wa mti wa mhugu, wazuri kabisa. Bi Mwelu aliwageuza, akawaangalia tumboni, akauliza wanafanya kazi gani. Alipoambiwa ni wa kutazamwa tu alinyamaza kwa heshima. Krismasi iliyofuata Kiilu aliwakuta wamewekwa chini, wanazuia mlango wa jikoni usifungwe na upepo.

"Hapo sasa wanafanya kazi," mama alimwambia.

Kiilu alituletea habari hiyo akicheka kwa mabega, lakini nadhani ilimkaa moyoni. Tangu siku ile alitaka mama yake aone kitu kimoja cha mikono yake kikifanya kazi mbele za watu, si kuzuia upepo.

Ndipo mwaka wa kaunti ukafika.

Wale waliokuwa wadogo wakati ule hawawezi kujua tulivyokuwa tumechanganyikiwa. Zamani serikali ilikuwa moja, ukiikasirikia unajua unakasirikia nani. Sasa tukaambiwa ziko mbili, moja ya nchi nzima na nyingine ya kwenu, na kila moja ina kazi zake zilizoandikwa kwenye Katiba. Huko kwenu kuna gavana, kuna bunge dogo, kuna wawakilishi wa wadi. Hata kanzu za wafagiaji wa Nairobi zilibadilishwa maandishi mgongoni. Katika karakana ubishi ulikuwa kila mchana. Taka zikirundikana mtaani Umoja ni za nani? Barabara ikiwa na shimo, shimo hilo ni la Rais au la gavana? Mama Adongo aliweka sufuria zake chini akasema yeye hajali, bora mtu mmoja aje achukue taka, akitaka aje na bendera mbili.

Katika siku hizo simu ya Kiilu ililia. Alikuwa mama aliyejitambulisha kama Bi Nzembi, karani wa bunge jipya la kaunti yetu ya nyumbani. Sitaitaja kaunti yenyewe, wao wanajijua. Bi Nzembi alieleza kwamba bunge haliwezi kukaa bila siwa, yaani ile fimbo kubwa ya mamlaka ambayo hubebwa begani mbele ya Spika na kulazwa mezani. Isipokuwapo mezani, hata wawakilishi wote wakiwa wamefika, hicho si kikao, ni watu wameketi tu. Kaunti nyingine zilikuwa zimeagiza siwa kutoka mbali. Wao walitaka ichongwe na mtu wa kwao, kwa mpingo. Juu, kwenye kichwa, pawe na ngao ya taifa na mikuki yake. Chini, kwenye mguu, pawekwe nembo ya kaunti, ambayo ilikuwa mzinga wa nyuki wa gogo, ule wa kutundikwa mtini.

Kiilu aliweka simu chini. Kisha akampigia mama yake. Alimwambia atachonga kitu ambacho kisipokuwapo bunge haliwezi kuanza. Bi Mwelu aliuliza, hata wote wakiwa wamekuja? Hata wote. Hata gavana? Hata gavana. Mama alifikiri, halafu akasema atashona nguo mpya.

Gogo la mpingo lilipofika tulilipasua katikati kama kawaida. Hakuna aliyesema tulipasue, na hakuna aliyesema tusilipasue. Nusu ikaenda kwa Kiilu, nusu kwa Mwangangi, wakaketi wakitazamana. Kama ungewauliza siku ile, nadhani wangekwambia nusu ya pili ni ya akiba, mpingo ukipasuka usikose pa kushika.

Haikupita wiki nyingi simu ya Mwangangi nayo ikalia. Huyu alikuwa Mheshimiwa Nzau, mwakilishi wadi na mwenyekiti wa kamati ya mambo ya bunge, ambaye alikuwa amepata namba kwa mchungaji. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliye kwenye mkutano wa hadhara. Alitaka siwa yenye mzinga juu, kwenye kichwa, pale ambapo kila mtu ataona. Ngao ya taifa ikae chini mguuni, padogo, kwa sababu watu hawakupigania ugatuzi miaka yote hiyo ili waje kubeba ngao ya Nairobi begani.

Mwangangi aliitikia ndiyo Mheshimiwa, ndiyo Mheshimiwa, akakata simu, akamtazama Kiilu.

"Shemeji, hawa watu wanataka jozi. Karani ametaka ya ngao, Mheshimiwa ametaka ya mzinga. Kusema tu ndio hawajui."

Kiilu alifikiri. "Nani dume?"

"Ngao ni ya vita. Hiyo ni dume. Mzinga una watoto ndani."

Wakarudi kazini. Mtu mwingine yeyote nchini angesikia maagizo mawili yanayopingana. Sisi tulisikia oda ya bwana na bibi.

Naweza kusema hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga msasa. Mpingo ni mti mgumu, unarudisha tezo kama jiwe, lakini ukikubali unang'aa bila kuombwa. Siwa ya Kiilu ilikuwa na ngao ambayo ungetaka kuigonga ujue kama ni chuma. Ya Mwangangi ilikuwa fupi kwa upana wa kidole, na mzinga wake ulikuwa na mdomo mdogo mweusi, na nyuki watatu wakitembea pembeni kuuelekea. Nyuki mmoja alikuwa mdogo kuliko kunde na nilimsafisha kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti. Mwangangi aliimba muda wote huo. Siku nyingine Kiilu aliitikia besi.

Mama Adongo alikuja kuzitazama zikiwa zimesimama pamoja.

"Sasa huyu wa kichwa cha mviringo ni nini?"

"Mzinga," Mwangangi akamjibu.

"Wa nyuki ama ule wa pombe, wa baa?"

Siku ya kuchukuliwa ilikuwa mkesha wa kikao cha kwanza, maana mambo yote ya mwaka ule yalifanywa dakika ya mwisho. Gari jeupe lilisimama mchana mbele ya banda letu. Bi Nzembi alishuka mlango huu, mwanamke mwembamba mwenye miwani na viatu vya kutembea. Mheshimiwa Nzau alishuka mlango ule, akiwa na suti na kofia. Niliona kwamba safari nzima walikuwa wamekaa pamoja na hakuna aliyemwambia mwenzake juu ya simu aliyopiga.

Kiilu na Mwangangi walikuwa wamevaa mashati ya kanisani. Walifunua blanketi kwa pamoja, mmoja upande huu na mwingine ule.

Wageni walitazama. Walirudia kutazama, moja baada ya nyingine, na Mwangangi akadhani wamependezwa mno.

"Fundi," Bi Nzembi akasema polepole, "niliagiza moja."

"Ndiyo, madam. Yako ni hii. Hii nyingine ni ya Mheshimiwa."

Bi Nzembi akamgeukia Mheshimiwa. Mheshimiwa akavua kofia akaichunguza ndani. Kisha wakaanza. Bi Nzembi alisema kamati ilimwachia yeye. Mheshimiwa alisema kamati ni yeye. Bi Nzembi alisema bunge la kaunti limezaliwa na Katiba ya nchi, na mtoto havai kofia ya baba yake kinyumenyume. Mheshimiwa akajibu kwamba mtoto huyu amekua, ana nyumba yake, na nyumba yake ina nembo. Walikuwa wakizungumza kwa adabu kubwa, wakiitana mheshimiwa na madam, na ndiyo maana ilikuwa inatisha.

Mwangangi alitaka kusaidia. Alieleza kwamba hakuna ubaya wowote, hizi ni jozi, hii ni bwana na hii ni bibi yake.

Mheshimiwa Nzau alisimama wima.

"Kwa nini kaunti ndiyo bibi?"

Mafundi walitazamana. Lakini Mama Adongo alikuwa amekuja kukusanya sahani zake, na hajawahi kuona swali likiwa limekaa bure akalipita.

"Mheshimiwa, usikasirike bure. Hapo kwako nyumbani, mtoto akiugua nani anampeleka zahanati?"

"Mama yao."

"Maji yakikatika?"

"Mama yao."

"Nasari? Soko?"

Mheshimiwa alianza kuona anakopelekwa, akaigeuza kofia mkononi.

"Na wewe kazi yako?"

"Mimi natafuta."

"Eeh. Unatafuta, unashika bunduki, unatembelea wageni ng'ambo, na mfuko unakaa kwako. Basi wewe ndio serikali kuu. Huyu wa mzinga ndiye ako na zahanati na maji na watoto wa nasari. Anangoja utume kitu. Ukichelewa, watoto hawakulilii wewe, wanamlilia yeye. Sasa hapo matusi iko wapi?"

Mabega ya Kiilu yakaanza kutingishika. Bi Nzembi alijikaza, akajikaza, halafu akavua miwani akafuta macho. Mwishowe Mheshimiwa mwenyewe alikohoa, kikohozi kikageuka kicheko, akauliza mama huyu ni wa wadi gani. Akaambiwa ni wa Umoja. Akasema ashukuriwe Mungu, maana angekuwa wa kwake, kiti chake kingekuwa na mwenyewe mwingine.

Kicheko kilisaidia lakini hakikumaliza jambo. Bunge lina siwa moja. Bi Nzembi alisema siwa mbili mezani ni mabunge mawili, na hakuna Spika wa kukalia viti viwili. Ilibidi ichukuliwe moja. Yeye alitaka ya ngao. Mheshimiwa alisema akiipeleka hiyo peke yake, wenzake wataikataa mbele ya wageni. Wakabaki hapo. Halafu Bi Nzembi akamgeukia Kiilu, akamwuliza kama fundi, ipi ni bora.

Sote tulijua siwa ya ngao ni yake. Tulijua pia kwamba mama yake ameshashona nguo, ya kitenge cha manjano, na ameshatangaza kanisani kwamba kesho anakwenda kuona kazi ya mwanawe. Kiilu angesema neno moja tu, ngao, na kila kitu kingekuwa sawa kwake. Mwangangi mwenyewe alimwinamia akamnong'oneza kwa Kikamba auze yake, mama anangoja, hii nyingine atapata pa kuiweka.

Kiilu alifuta mikono kwenye shati lake la kanisani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Haziuzwi nusu, madam," akasema. "Mchukue zote ama mziache zote."

Mwangangi alimtazama shemeji yake kama aliyeona mtu akitupa sahani ya nyama mtoni. Bi Nzembi alitoka nje kupiga simu. Tulimsikia akieleza, kisha akisikiliza, kisha akieleza upya. Aliporudi alisema Spika yuko kwa fundi wa nguo anapimwa joho, hana nafasi ya ugomvi wa fimbo, wazibebe zote mbili na mafundi wao, ataamua kesho akiziona.

Basi tukaondoka, hata mimi, kwa sababu mpingo ukiguswa guswa njiani lazima apatikane mtu wa kuupaka kiwi tena. Siwa zilifungwa pamoja kwenye blanketi moja na kulazwa kiti cha nyuma, sisi tukabanana kando yake. Tulipita Komarock jua likiwa bado juu, tukaifuata Kangundo Road. Kabla hatujafika Tala Mwangangi alikuwa ameanza wimbo wa kanisani, na Mheshimiwa, ambaye kumbe ni mwana wa kwaya, alidaka sauti ya pili. Bi Nzembi alisema kama bunge lingekuwa la kuimba, kazi yake ingekuwa rahisi.

Siwa zilikwenda kulala kwenye ofisi yenye kufuli. Sisi tulilala kwa Bi Mwelu. Alitupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akajaribu nguo yake mpya mbele yetu, akaivua aikunje vizuri, akaivaa tena. Kiilu hakumwambia kwamba kazi yake inaweza kukataliwa asubuhi. Mwangangi naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuimba.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa lililokuwa baraza la mji. Ulikuwa ukumbi wa harusi na mikutano ya maji, na siku ile umepakwa rangi ambayo haijakauka, hata wageni wengi waliondoka na mstari wa krimu mgongoni. Nje kulikuwa na mahema, na chini ya mahema watu kutoka kila wadi, maana kila mtu alitaka kuiona serikali yake ikianza. Wazee walivaa makoti. Akina mama walikuja na sare za vyama vyao. Mlangoni tulipewa nafasi ya mafundi wawili tu kuingia. Kiilu alimpa mzee mmoja nafasi yake akabaki kando ya mlango pamoja na mama yake, mahali ambapo siwa ingepita karibu kabisa naye.

Bi Nzembi alikuja haraka kutuambia Spika ameamua. Ni ya ngao. Ya mzinga ikae kwenye gari kwanza, Mwangangi ailinde.

Kiilu alimtazama Mwangangi. Mwangangi alisema ni sawa. Alisema tena ni sawa, akaenda kwenye gari.

Baragumu likalia, watu wakasimama. Kutoka upande wa ofisi akaja askari wa bunge mwenye glavu nyeupe, anatembea kama anayehesabu mayai chini ya miguu, na nyuma yake Spika na joho lake. Begani mwa askari kulikuwa na siwa. Lakini siwa ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kijani kuanzia kichwa hadi mguu. Kumbe mtu fulani alikuwa ameamua ifunuliwe ndani, mbele ya gavana na wageni wa heshima. Ikapita mbele ya Bi Mwelu, karibu angeigusa.

"Ndiyo hiyo?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Imevaa nguo."

Milango ikafungwa. Kutoka ndani tulisikia makofi, kisha sauti ya Spika ikatoka kwenye spika za nje kwa mkoromo. Wale wa mahema walianza kunung'unika kwamba wametoka mbali kuja kutazama mlango. Bi Mwelu hakunung'unika. Alinyoosha kitenge chake magotini, akamwambia mwanawe kwamba hata kwa umbo la kitambaa ilionekana ni ndefu.

Mwangangi aliyaona yote hayo kutoka kwenye gari. Sijui alifikiri nini. Nilimwona akifungua mlango wa nyuma, akivuta blanketi, akitoa siwa ya mzinga. Aliifuta kwa mkono wa shati. Kisha akaiweka begani, akakaza mgongo, akaanza kutembea kati ya mahema kwa mwendo ule ule wa askari wa glavu, mguu kwa mguu, na vile alivyo mrefu ungedhani alizaliwa kwa kazi hiyo. Mwanzoni watu waligeuka tu. Halafu mzee mmoja akavua kofia. Mwanamke mmoja akaona mzinga, akaona nyuki, akapiga kigelegele, na kikadakwa hema hadi hema.

Mwangangi alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Bi Mwelu, akapiga goti, akamwekea siwa mikononi.

Bi Mwelu aliishika kwa mikono miwili. Aliigeuza. Aliangalia chini yake, alivyowaangalia twiga. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa mzinga, akamfuata nyuki mmoja, akamfuata wa pili, yule mdogo akampata kwa ukucha. Mume wake alikuwa mtu wa mizinga.

"Hii ni ya mwanangu," akawaambia waliomzunguka.

Kiilu alifungua mdomo. "Mama, hii—"

"Ni yake, mama," Mwangangi akasema. "Ni ya Kiilu."

Basi ikawa vurugu ya furaha. Kila mtu alitaka kuishika. Wakapanga mstari, mstari ukakatika, ukapangwa tena. Watu waliipima uzito, wakaibusu, wakabishana kama mzinga ule ni wa milimani au wa nyikani. Vigelegele vilikuwa vingi mpaka ndani Spika akasita kusoma. Tulimsikia kwenye spika za nje akiuliza kuna nini huko nje, na mlango ukafunguliwa, akatoka Bi Nzembi na Mheshimiwa Nzau nyuma yake.

Bi Nzembi alijaribu kuzungumza. Hakuna aliyemsikia. Aliinua mkono, ikawa kama ameongeza kelele. Mheshimiwa naye, kwa sauti ile ya hadhara, alipotea kabisa.

Ndipo Bi Mwelu, ambaye siwa ilikuwa imemrudia, akaiinua juu. Sidhani alikusudia makubwa. Alitaka watu wamsikilize yule binti wa miwani. Lakini mzinga ulipopanda juu ya vichwa, kigelegele cha karibu kilikatika, na cha nyuma yake, na hema lile, na lile la mwisho, mpaka tukasikia turubai ikipigwa na upepo. Watu mia kadhaa walikuwa kimya wakimtazama mama mmoja wa kitenge cha manjano.

Yeye mwenyewe alishangaa. Aliitazama siwa, akamtazama Kiilu.

"Inafanya kazi," akasema.

Kiilu alicheka, na safari hii sauti ilitoka. Ilitoka yote iliyokuwa imekaa ndani miaka hiyo, hata Mwangangi akamshika bega asianguke, na watu ambao hawakujua wanachekea nini walicheka pia. Mheshimiwa Nzau alicheka kofia ikadondoka.

Bi Nzembi hakusahau kazi yake. Alingoja, kisha akawaambia watu kwamba siwa ya ndani itabaki ndani, kama sheria inavyotaka. Lakini bunge hili litakuwa likitoka, litakwenda kukaa katika wadi moja moja, na huko haliwezi kukaa bila siwa. Ile ya ndani, alisema bila kutabasamu, ni nzito kwa safari. Akamgeukia Mheshimiwa kuona kama atapinga. Mheshimiwa alikuwa akiokota kofia.

Ilibaki kumwomba Bi Mwelu aiachilie, na hakuna aliyetaka kuwa wa kumwomba. Mwishowe Spika mwenyewe alitoka na joho lake, akainama, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake.

Miaka imepita, mafundi ni wale wale na mimi bado napiga msasa. Kaunti na serikali kuu zimeendelea kuvutana kuhusu hospitali na barabara na pesa zinazochelewa, tunasikia kwenye redio, na mara nyingine huelewana. Siwa ya ngao iko kwenye sanduku la kioo, nyeusi kama siku ile nilipoimaliza. Ya mzinga huzunguka wadi kwa wadi kwenye pikapu, na nyuki yule mdogo ameshafutika kwa vidole vya watu. Mwangangi alipoambiwa habari hiyo alitaka kwenda kumchonga upya. Kiilu alimkataza.

Bi Mwelu bado anasema ile ni ya mwanawe. Siku moja Kiilu alijitahidi kumweleza ukweli wote, kwamba yake ni ile nyingine, ile ya ndani, na hii aliyoishika ni ya Mwangangi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Si mlipasua gogo moja?" akamwuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi unanichosha na nini?"